Fregata

Fregata ni ndege wakubwa wa bahari, spishi 5 kwa jumla, wa familia ya Fregatidae. Spishi mbili hufika pwani ya Tanzania: fregata mkubwa (Fregata minor) na fregata mdogo (Fregata ariel). Mazalia yao makuu upande huu wa Bahari ya Hindi ni Aldabra, Shelisheli. Ufukweni Kunduchi, Kinondoni, au Kigamboni, jijini Dar es Salaam, huonekana kwa nadra: ndege mweusi aliye juu sana, mabawa membamba yaliyokunjika kiwikoni, mkia wa panda. Dume ana kifuko chekundu kooni, naye hukijaza hewa anapotafuta jike.

Kwa muda mrefu fregata aliwekwa katika oda moja na mwari, Pelecaniformes, kwa sababu ya miguu. Mtazame bata wa kufugwa: utando umeunganisha vidole 3 vya mbele, cha nyuma kimeachwa peke yake. Kwa mwari, mnandi, mbizi na sula, utando umeshika vidole vyote 4. Alama hiyo ilionekana ya kutosha tangu Linnaeus, ambaye mwaka 1758 alimwita fregata Pelecanus.

Lakini mguu wa fregata wenyewe ulistahili kutiliwa shaka. Ni mdogo mno, na utando umebaki kwenye mashina ya vidole tu. Haogelei, manyoya yake hulowa, na akitua majini ni shida kuruka tena. Samaki panzi na ngisi huwadaka juu ya maji, na mara nyingine humfukuza sula mpaka atapike samaki, kisha humnyaka samaki huyo kabla hajagusa bahari. Mabawa ya fregata mkubwa hufikia mita 2.3, ilhali uzito wake ni kama kilo 1 na nusu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa ndege wa kisiwa cha Europa katika Mlango wa Msumbiji, ulionyesha kwamba wanaweza kukaa angani zaidi ya miezi 2 bila kutua.

Uchunguzi wa DNA ulivunja kundi la zamani. Fregata, sula, mnandi na mbizi sasa ni oda ya Suliformes. Mwari amebaki Pelecaniformes, pamoja na fundichuma, korongo-nyangumi, kwarara na kulastara, ambao hawana utando wa namna hiyo. Faetoni, ndege wengine wa bahari wenye vidole 4 vilivyounganishwa, wamepewa oda yao.