Nishani za Kidachi na Mashahidi Wake



Penye njia panda ya Tinde, zinapokutana njia za Shinyanga, Kahama na Nzega, hupita watu wa kila namna. Miongoni mwao wamo watafutao kile kiitwacho "mali ya Mjerumani", yaani rupia za kale na nishani za vita. Mwenye nishani ya babu yake akiulizwa, "Je, ni ya kweli?", mara nyingi hana la kujibu. Basi huiuza kwa bei ya chuma chakavu; au yeye mwenyewe huuziwa ya bandia kwa bei ya ng'ombe. Tena iko hasara iliyo kubwa kuliko fedha, nayo nitaieleza mwishoni. Kwanza natujifunze jinsi ya kuihoji nishani, kama hakimu amhojivyo shahidi.

Jeshi la Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita Wajerumani, lilianza katika nchi hii kwa kikosi cha Hermann von Wissmann mwaka 1889, na mwaka 1891 likafanywa jeshi la serikali, jina lake Schutztruppe. Vita Vikuu vilipoanza mwaka 1914 lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500; baadaye walizidi 10,000. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wengi humo, na baadhi yao walipanda cheo wakawa ombasha na shaushi. Waingereza waliitwaa Mwanza Julai 1916, na Wabelgiji wakaitwaa Tabora Septemba ya mwaka uo huo. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck na askari waliomfuata walipigana hata Msumbiji, kisha wakaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918.

Shahidi wa kwanza wa nishani ni kazi ya fundi. Tutazame ile ijulikanayo kuliko zote, Msalaba wa Chuma. Ule wa mwaka 1914, daraja la pili, kwa kawaida una vipande vitatu: katikati pande la chuma lililopakwa weusi, na kulizunguka fremu mbili za fedha zilizounganishwa. Ukiutazama ukingoni kwa makini, utaona mstari mwembamba mahali fremu zilipokutana. Sumaku huvuta lile pande la katikati. Msalaba wa bandia mara nyingi humiminwa kipande kimoja, nao hauna mstari huo. Lakini msihukumu kwa dalili moja tu, maana wakati wa vita hata mafundi wa kweli walibadili kazi zao kwa uhaba wa madini.

Shahidi wa pili ni tarehe na maandishi. Msalaba wa Chuma ulianzishwa na mfalme wa Prussia mwaka 1813, ukatolewa tena mwaka 1870, na 1914, na 1939. Ule wa 1914 una taji juu, herufi W katikati, na mwaka 1914 chini. Nyuma yake una herufi FW, majani ya mwaloni, na mwaka 1813. Basi mtu akikuletea msalaba wenye alama ya Hitler na mwaka 1939, akasema babu yake aliupata akipigana chini ya Lettow-Vorbeck, mnajua ya kuwa tarehe yenyewe yamkanusha.

Hali kadhalika tuulize nishani ilikuwa stahili ya nani. Haikuwa desturi kumpa askari Mwafrika Msalaba wa Chuma. Kwa askari wa makoloni ilikuwako nishani nyingine, yenye maneno Krieger Verdienst, maana yake "stahili ya mpiganaji". Tena, mwaka 1912 Kaizari Wilhelm wa Pili alianzisha nishani ya makoloni, ambayo juu ya utepe wake huwekwa vibao vyembamba vyenye jina la nchi na miaka ya vita. Kibao chenye mwaka 1905 hadi 1907 na jina la nchi yetu, Deutsch-Ostafrika, ni cha Vita vya Maji Maji. Ndipo tujue ya kuwa nishani moja yaweza kuwa fahari ya nyumba hii na kilio cha nyumba ile.

Shahidi wa tatu ni nishani zenyewe zikiwa pamoja. Wajerumani walikuwa wakizishona nishani kadhaa katika kibao kimoja cha kubandikwa kifuani. Utepe uliovaliwa miaka mingi hupauka mbele, lakini nyuma, jua lisikofika, rangi hubaki. Uzi wa zamani na kitambaa cha zamani huchakaa pamoja. Nishani moja ikimetameta na jirani zake zimechujuka, uliza sababu. Na kama katika kibao umo msalaba wa heshima wa Hindenburg, ulioanzishwa mwaka 1934, basi kibao hicho hakikushonwa kabla ya mwaka huo, hata mwuzaji aape namna gani.

Lakini mashahidi hawa wote hawawezi kututajia jina. Nishani ya Waingereza ya vita vile kwa kawaida imechorwa ukingoni namba, jina na kikosi cha mwenyewe. Nishani ya Wajerumani kwa kawaida haina jina. Jina lilikuwa katika hati, na hati ni karatasi: huliwa na mchwa, hulowa mvua, huungua. Hata kule Ujerumani, bohari kubwa la kumbukumbu za jeshi la Prussia mjini Potsdam liliteketea kwa mabomu Aprili 1945.

Jinsi jambo hili lilivyo zito lilionekana Mwanza. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wazee waliokuwa hai mshahara waliokuwa wakidai tangu vita. Yasimuliwa ya kuwa walikuja wazee wapatao 350, na wachache tu walikuwa na hati walizopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Ndipo mlipaji akampa kila mmoja ufagio badala ya bunduki, akaamuru kwa Kijerumani namna za kushika silaha. Hakuna aliyeshindwa. Karatasi zilikuwa zimepotea, lakini mikono ilikuwa haijasahau.

Wazee wale wamekwisha kufa, na mikono yao haiwezi tena kutoa ushahidi. Hii ndiyo hasara niliyoitaja. Basi aliye na nishani asiisugue kwa mchanga wala majivu, maana huondoa alama za fundi. Asizitenganishe nishani zilizoshonwa pamoja. Wala asiuze kwa haraka. Na achukue daftari, aandike: mzee aliyekuwa nayo aliitwa nani, alitoka kijiji gani, alipigana wapi, na nani aliyesimulia habari hizo. Ninyi wanafunzi, kazi hiyo yawezekana jioni ya leo, kwa kalamu moja, kabla bibi hajalala.