Mshumaa wa Wadenmark: historia ya neno "hygge" na somo lake kwetu



Hapa kwetu mshumaa unaonekana mezani wakati umeme umekatika. Mama anautafuta gizani, anausimamisha juu ya kifuniko cha kopo, na watoto wanalalamika sababu televisheni imezimika. Kule Denmark ni kinyume. Umeme uko, taa ziko, lakini wenyeji wanazima taa kubwa na kuwasha mshumaa kwa kupenda. Wanafanya hivyo nyumbani, katika mikahawa, hata kazini na shuleni asubuhi za Desemba. Ukiwauliza ni juu ya nini, watakujibu kwa neno moja: hygge.

Neno hilo limezunguka dunia nzima, na watu mingi wamelichukua kama siri ya matajiri: mwenye franga anakaa vizuri, anakunywa kahawa yake, anacheka. Sisi hatukubali maelezo hayo. Tumefuata historia ya neno hili, na tumeona kwamba halikuzaliwa katika mali. Lilizaliwa katika hasara. Tumeona pia jambo la pili, ambalo wauzaji wa mishumaa hawalisemi: kila nyumba yenye joto ina mlango, na kuna wenye kuwa ndani na wenye kubaki inje.

1. Neno lenyewe

Hygge husomwa karibu na "huge", ile "u" ikisemwa kama "u" ya Kifaransa katika neno "rue". Asili yake ni Norway, ambako maana yake ilikuwa karibu na utulivu na faraja. Wakati huo Norway na Denmark zilikuwa chini ya mfalme mmoja, na hivi neno likavuka bahari. Katika maandishi ya Kidenmark lilianza kuonekana karibu na mwanzo wa karne ya 19.

Kulitafsiri si kazi rahisi. Si furaha ya sikukuu, maana hygge haina kelele. Si starehe, maana haiombi vitu vya bei. Ni hali ya watu wachache, wanaofahamiana, wakikaa pamoja bila haraka na bila majivuno: supu iko motoni, mvua iko inje, na hakuna mwenye kutaka kujionyesha kupita mwenzake. Siasa kali na ugomvi vinaachwa mlangoni. Kinyume chake ni uhygge, na neno hilo halina maana ya "kukosa starehe" tu. Maana yake ni hali ya kutisha, kama ya mtu anayesikia hatua za miguu nyuma yake usiku. Kwa hiyo Mdenmark anaposema hygge, chini ya neno hilo kuna pia usalama: hapa hakuna kitu cha kuniogopesha.

Hali ya hewa ina sehemu yake. Katikati ya Desemba, mjini Copenhagen, jua linatoka karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Ni masaa saba tu ya mwanga! Lakini baridi na giza havitoshi kueleza. Inchi zingine nyingi zina giza kama lile. Tuangalie basi mambo yaliyowapata Wadenmark.

2. Inchi iliyopunguka

Kabla ya mwaka 1800, Denmark ilikuwa dola yenye nguvu ya bahari. Halafu mapigo yakafuatana. Mwaka 1801 Waingereza walipiga merikebu zake mbele ya Copenhagen. Mwaka 1807, tangu tarehe 2 hadi 5 Septemba, waliupiga mji wenyewe kwa mabomu ya moto, wakaunguza mitaa pamoja na kanisa kuu, na wakaondoka na merikebu zote za vita. Mwaka 1813 serikali ilifilisika. Mwaka 1814 Norway ikanyang'anywa na kutiwa chini ya mfalme wa Sweden.

Ni katika miaka hiyohiyo ya umaskini na aibu ndipo maisha ya nyumbani yalipata heshima mpya. Wachoraji kama C. W. Eckersberg na Wilhelm Bendz hawakuchora tu wafalme na vita. Walichora jamaa katika chumba, mwanga wa taa au wa dirisha, marafiki wakivuta tumbako na kuongea. Wadenmark wanaita kipindi hicho "enzi ya dhahabu", hata kama dhahabu yenyewe haikuwa mfukoni. Wakubwa wa inchi walikuwa wamepoteza bahari, na raia wa mji walirudisha macho yao juu ya meza ya nyumbani.

3. Waliobaki inje

Lakini nani alikaa kwenye ile meza? Mdenmark mmoja aliuliza swali hilo mapema. H. C. Andersen, mtoto wa fundi viatu maskini, alitoa mwaka 1845 hadithi fupi ya msichana muuza viberiti. Ni usiku wa mwisho wa mwaka. Mtoto yuko barabarani, miguu wazi katika theluji, na anaogopa kurudi nyumbani sababu hajauza kitu. Anawasha viberiti vyake kimoja kimoja, na katika kila mwanga anaona mambo ya nyumba ya wengine: jiko lenye moto, bata wa kuoka, mti wa Noeli. Asubuhi wapita njia wanamkuta amekufa kwa baridi. Hadithi hiyo inasomewa watoto pande zote za dunia, lakini sisi tunaiona kama ushahidi: madirisha yalikuwa na mwanga, na milango ilikuwa imefungwa.

Kulikuwa pia wengine, wa mbali kupita msichana huyo. Sukari iliyotiwa katika vikombe vya Copenhagen ilitoka visiwa vya Saint Croix, Saint Thomas na Saint John, ambako watumwa Waafrika walilima miwa. Wadenmark walikuwa na ngome ya Christiansborg pale Accra (Ghana ya leo), na wanahistoria wanahesabu kwamba merikebu zao zilibeba Waafrika zaidi ya 100,000. Mfalme alipiga marufuku biashara hiyo kwa amri ya 1792, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1803. Hata hivyo utumwa wenyewe uliendelea visiwani hadi tarehe 3 Julai 1848, siku watumwa wa Saint Croix walipoinuka na kudai uhuru wao. Ngome iliuzwa kwa Waingereza mwaka 1850, na visiwa viliuzwa kwa Marekani mwaka 1917 kwa dola milioni 25.

Na sisi Wakongomani? Wadenmark walifika hadi mtoni kwetu. Katika Inchi Huru ya Kongo (1885-1908), mali ya Leopold II, wengi walifanya kazi kama maofisa, makapiteni na mafundi wa mashua za moshi. Mmoja wao, kapiteni Johannes Freiesleben, aliuawa pale Tchumbiri mwaka 1890 katika ugomvi na wenyeji. Aliyeajiriwa kujaza nafasi yake alikuwa Joseph Conrad, na safari hiyo ndiyo iliyozaa kitabu chake Heart of Darkness. Hatusemi mambo haya ili kutukana watu wa leo. Tunasema tu kwamba joto la nyumba moja laweza kulipwa na jasho la watu ambao hawataiona kamwe.

4. Kutoka chumba hadi kijiji

Turudi sasa Denmark yenyewe, mwaka 1864. Katika vita na Prussia na Austria, inchi ilipoteza majimbo ya Schleswig, Holstein na Lauenburg. Karibu theluthi moja ya udongo ilienda, na karibu watu wawili katika kila watano. Denmark, ambayo zamani ilikuwa dola, ikabaki inchi ndogo kabisa.

Hapo walichagua njia ambayo inatufundisha kupita mishumaa. Walisema: kile tulichopoteza kwa upanga tutakitafuta ndani ya mipaka yetu. Mwaka 1866 Enrico Dalgas na wenzake waliunda shirika la kulima na kupanda miti katika pori kavu la Jutland. Mchungaji N. F. S. Grundtvig alikuwa amekwisha kufundisha kwamba mkulima naye anahitaji elimu, si ya mitihani, bali ya kuimba, kusikiliza historia na kuzungumza. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na baada ya 1864 zikaongezeka sana. Vijana wa shamba walikaa pale miezi ya baridi, wakala pamoja, wakarudi vijijini wakiwa na sauti.

Mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding, wakulima waliweka maziwa yao pamoja katika kiwanda kimoja cha ushirika. Karibu miaka ishirini baadaye, viwanda kama hicho vilikuwa karibu elfu moja. Desturi yao ilikuwa hii: kila mwanachama ana kura moja, awe na ngombe mmoja au ishirini. Vijiji vikajenga nyumba za mkutano, ambamo watu walikunywa kahawa, wakaimba, wakabishana, wakacheza. Hapo ile hali ya chumba cha watu wa mji ilitoka inje, ikawa tabia ya kijiji. Kidole kimoja hakivunji chawa: wakulima wale walijua ni nani aliyepima maziwa yao, na walimwamini.

5. Mshumaa dirishani

Tarehe 9 Aprili 1940 jeshi la Hitler liliingia Denmark. Usiku madirisha yalifunikwa kwa pazia nyeusi. Katika mwaka huo watu walianza kukusanyika kwa maelfu kuimba nyimbo za inchi yao. Halafu, Oktoba 1943, Wajerumani walipotaka kukamata Wayahudi wote, milango ikafunguka. Majirani, madaktari, wachungaji na wavuvi waliwaficha na kuwavusha kwa mashua hadi Sweden. Zaidi ya watu 7,000 waliokoka. Chini ya 500 ndio waliokamatwa.

Jioni ya tarehe 4 Mei 1945, redio ya London ilitangaza kwamba Wajerumani wa Denmark wamejisalimisha. Watu walitoka mbio barabarani, wakatupa pazia nyeusi, wakaweka mishumaa dirishani. Hadi leo, kila tarehe 4 Mei jioni, jamaa nyingi zinafanya vile. Mshumaa huo hauangazii meza ya wenye nyumba. Unaangazia mpita njia.

6. Neno linapouzwa

Mwaka 2016 kitabu cha Meik Wiking juu ya hygge kilipata wasomaji katika inchi nyingi, na maduka yakajaa soksi, blanketi na mishumaa yenye jina hilo. Mwaka uleule ripoti ya dunia juu ya furaha iliweka Denmark nafasi ya kwanza. Na mwaka uleule, mwezi wa Januari, bunge la Denmark lilipitisha sheria ya kuruhusu polisi kuchukua mali ya wakimbizi yenye thamani zaidi ya krone 10,000. Mambo haya mawili yalikaa katika inchi moja.

Wadenmark wenyewe wanajua. Mwanaanthropolojia wao Jeppe Trolle Linnet aliandika mwaka 2011 kwamba hygge inasawazisha watu walio ndani, lakini yaweza pia kuwa chombo cha kuwachunga na kuwaweka mbali wasiofanana nao.

Kumalizia

Tuchukue nini basi? Mishumaa tunayo, na tungependa iwe michache! Kukaa pamoja bila haraka pia hakuna mgeni wa kutufundisha: barza yetu, yenye mbabula na mahindi ya kuchoma, ni ya zamani. Kitu cha kuchukua ni kile kilichofanywa na wakulima wa Hjedding. Walikuwa watu wa inchi iliyoshindwa, na utulivu wao waliujenga juu ya hesabu safi, shule na kura sawa. Mtu hawezi kutulia mezani kama hamwamini mweka hazina wa kikundi chake, au kama usiku anasikia hatua nyuma ya mlango. Amani ya sebule inafuata amani ya kijiji.

Na kwa upande wa mlango, wazee wetu walikwisha sema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukianza siku moja kufunga barza zetu kwa jirani mwenye lugha nyingine au kabila lingine, tutakuwa tumechukua kwa Wadenmark sehemu ile ambayo Andersen aliilia.