Majina na Mpangilio: Madirisha ya Kompyuta katika Historia ya Dar es Salaam, 1974 hadi Sasa

Historia ya kompyuta nchini Tanzania haiwezi kuelezwa kwa sera na mitambo pekee. Sehemu hii inajenga hoja kwamba Dar es Salaam iliyapokea madirisha ya kompyuta wakati mpangilio wake ulikwisha kuamuliwa kwingineko, na kwamba tafsiri ya Kiswahili ilibadili majina bila kuugusa mpangilio wenyewe.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu. Muongo uliofuata, wakati athari za udhibiti huo zikiendelea, kampuni za Marekani zilikuwa zikishindana kuhusu namna ya kuligawa eneo la kioo. Macintosh, iliyotolewa Januari 1984, iliruhusu dirisha moja kulifunika jingine, mithili ya karatasi zilizorundikwa mezani. Windows 1.0, ya Novemba 1985, iliyapanga madirisha bega kwa bega kama vigae, yasifunikane. Windows 2.0, ya mwaka 1987, iliuacha utaratibu huo, na Windows 95 ikaongeza upau wa kazi chini ya kioo. Mfumo wa X, ulioanzishwa MIT mwaka 1984 na baadaye kutumiwa na Linux, ulifuata njia ya tatu: kazi ya kupanga madirisha ilikabidhiwa programu ya pekee, ambayo mtumiaji aliweza kuibadilisha. Hivyo basi, kompyuta za mezani zilipoenea katika ofisi na intaneti kafe za katikati ya jiji, madirisha yanayofunikana yalikuwa yamekwisha kuwa kawaida.

Kilichobaki wazi kwa wenyeji kilikuwa lugha. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wake wa Kiswahili. Neno dirisha, lenye asili ya Kiajemi, lilikuwa tayari likibeba maana ya mahali pa kutolea huduma, kama dirisha la tiketi au la malipo. Mantiki ya matumizi hayo ni ya zamu: dirisha moja, shughuli moja, mteja mmoja baada ya mwingine. Rundo la karatasi halimo ndani yake.

Tofauti hiyo inasaidia kufasiri kazi katika steshenari za Kariakoo, ambako mhudumu huchapa barua, hupokea faili kwa WhatsApp na kutoa nakala kwa kutumia kioo kimoja. Windows 7, ya mwaka 2009, ilirahisisha kuyaweka madirisha mawili kando kwa kando, na macOS ikafuata mwaka 2024. Utaratibu ulioachwa mwaka 1987 ukarejea kwa sura mpya. Hata hivyo, kioo kidogo kikigawanywa, maandishi hubanana. Kulikuza dirisha moja hadi lijaze kioo, kisha kuhamia jingine kupitia upau wa kazi, ni uamuzi unaolingana na kifaa na foleni ya wateja. Kuuita ukosefu wa ujuzi ni kuyapima mazoea ya Kariakoo kwa meza ya ofisi ya Marekani.

Inahitimishwa kwamba ujanibishaji wa programu usipimwe kwa idadi ya maneno yaliyotafsiriwa pekee. Programu huria ilitoa ruhusa ya kubadili maneno na mpangilio pia. Ruhusa ya kwanza ilitumika Dar es Salaam mwaka 2004. Ya pili bado inastahili kuchunguzwa.