Mpaka uliohama na watoto waliokua katikati: Fasihi ya Walatino kwa jicho la historia

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili aliniuliza swali majuzi ambalo sikulijibu vizuri, na tangu siku hiyo linanikera. Tulikuwa tukijadili riwaya za makuzi, yaani zile zinazomfuata mtoto hatua kwa hatua hadi anapokuwa mtu mzima. Nikataja The House on Mango Street ya Sandra Cisneros. "Prof," akasema, "hawa Walatino walihamia Marekani lini hasa?" Nikamtajia mwaka mmoja, muda ukaisha, tukatoka. Lile lilikuwa nusu jibu, na nusu jibu kwa mwalimu ni deni. Hebu nililipe hapa.

Kwanza jina. Msomaji asichanganye Walatino na Kilatini, lugha ya Warumi na ya misa za zamani. Walatino ni watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Jamhuri ya Dominika na sehemu nyingine za Amerika ya Kilatini ambao makao yao ni Marekani. Fasihi yao imeandikwa humo humo Marekani, kwa Kiingereza, kwa Kihispania, na mara nyingi kwa lugha zote mbili ndani ya sentensi moja, vile vijana wetu hufanya kwenye matatu. Gabriel García Márquez, pamoja na ukubwa wake, hayumo katika kundi hili. Yeye ni Mkolombia aliyewaandikia Wakolombia na ulimwengu.

Sasa, walihamia lini? Wengine hawakuhama kabisa. Kilichohama ni mpaka. Tarehe 2 Februari 1848, baada ya vita vya miaka miwili, Meksiko ilitia saini mkataba wa Guadalupe Hidalgo na kuiachia Marekani zaidi ya nusu ya ardhi yake kwa dola milioni 15. California, Nevada, Utah na sehemu kubwa ya Arizona na New Mexico zilikwenda hivyo. Familia iliyolala Meksiko iliamka ugenini bila kufunga hata mzigo mmoja. Puerto Rico nayo ilinyakuliwa mwaka wa 1898 katika vita vya Marekani na Uhispania, na wenyeji wakapewa uraia mwaka wa 1917. Kisheria, Mpuertoriko anayepanda ndege kwenda New York hatoki nchini mwake. Anachobadilisha ni lugha, hali ya hewa na namna anavyotazamwa barabarani.

Wapo waliohama kweli, tena kwa dhiki. Mapinduzi ya Meksiko yaliyoanza 1910 yaliwavusha watu wengi mto. Mapinduzi ya Kuba ya 1959 yaliwatawanya wengine, na kati ya 1960 na 1962 wazazi wa Kikuba waliwapandisha watoto zaidi ya 14,000 kwenye ndege, peke yao bila mzazi, wapelekwe Marekani. Nikiwaza kiwanja hicho cha ndege huwa nasita kidogo. Mzazi aliyefanya hivyo alikuwa ameamua kwamba kumlea mwanawe ni kumwachilia.

Ndiyo maana riwaya ya makuzi inageuka sura mikononi mwa waandishi hawa. Kwa Wazungu, tangu Goethe alipoandika habari za Wilhelm Meister mwishoni mwa karne ya 18, mtindo ulikuwa kijana kuondoka nyumbani, kuzunguka, kuumia, kisha kupatana na jamii. Nyumba inabaki pale pale. Anayesogea ni kijana. Kwa Walatino nyumba ndiyo inayosogea kwanza, mtoto akiwa bado mdogo. Akikua kidogo tu, yeye ndiye anayeijua lugha ya mwenye nyumba, daktari na karani wa shule, kwa hivyo anawatafsiria wazazi. Hebu fikiria baba aliyezoea kuamrisha akimsubiri mtoto wa miaka tisa amweleze karani amesema nini. Hapo mamlaka ya ubaba yanapungua bila mtu yeyote kuyapinga.

José Antonio Villarreal aliliona hilo mapema. Riwaya yake Pocho, ya mwaka wa 1959, inamhusu Juan Rubio, mpiganaji wa mapinduzi anayeishia kuwa kibarua wa mashambani California, na mwanawe Richard. "Pocho" ni neno la dharau. Asili yake ni tunda lililochujuka rangi, na Wameksiko humwita hivyo mwenzao aliyeiga Umarekani kupita kiasi. Vijana wa Nairobi wangesema mbabi. Familia ya Rubio inavunjika polepole. Mama anadai haki alizoziona kwa wanawake wa Kimarekani, baba anaondoka, na kijana anaingia katika jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wahakiki wengine waliilaumu riwaya hii kwamba haina msimamo. Mimi naona Villarreal aliandika alichokiona mezani kwao.

Lakini kitabu ninachokipenda zaidi ni kile cha Tomás Rivera, ...y no se lo tragó la tierra, kilichotoka mwaka wa 1971. Rivera alizaliwa Crystal City, Texas, mwaka wa 1935, mtoto wa vibarua waliofuata mavuno kutoka jimbo hadi jimbo. Alikiandika kwa Kihispania kwa makusudi, nacho ni kifupi mno: vipande vipande vya mwaka mmoja ambao mvulana asiyetajwa jina anajaribu kuukumbuka. Katika kipande kimoja mtoto anakwenda kunywa maji saa za kazi, bosi anafyatua risasi ili kumtisha, na mtoto anakufa. Katika kingine vibarua wamesongamana usiku ndani ya lori lililoharibika njiani, wamesimama wima, na kila mmoja anawaza atakachofanya wakifika. Wakifika watakuwa wamefika wapi, jamani? Shamba jingine tu.

Kilele ni pale jua linapompiga baba wa mvulana, kisha mdogo wake. Mama anasali. Mvulana, kwa hasira, anamlaani Mungu. Amefundishwa kwamba ardhi itapasuka immeze. Anaitazama ardhi chini ya miguu yake. Imetulia, ngumu kama kawaida. Siwashauri wasomaji kuiga maneno yake, na sidhani Rivera alitaka hivyo. Alitaka tuone dakika ambayo mtoto anatambua kwamba mateso ya baba yake hayakuandikwa mbinguni, kwamba yuko mtu aliyeyapanga hapa duniani na anayelipa ujira mdogo. Huko ndiko kukua kwenyewe. Rivera alifikia kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, mwaka wa 1979, na akafariki 1984 akiwa na miaka 48.

Wasichana walichelewa kusikika, nadhani kwa sababu wachapishaji hawakuwatafuta. Cisneros, aliyezaliwa Chicago mwaka wa 1954, binti pekee kati ya ndugu sita wa kiume, alichapisha kitabu chake mwaka wa 1984 na kampuni ndogo ya Houston, Arte Público. Baadaye kikauza nakala kwa mamilioni. Kuna sehemu ambapo baba anamwamsha Esperanza alfajiri kumwambia babu amefariki Meksiko, kisha analia. Msichana hajawahi kumwona akilia. Kwa kuwa ndiye kifungua mimba, ni juu yake kuwaeleza wadogo zake. Kurasa mbili hivi tu, lakini historia yote ya uhamiaji imo: msiba uko mbali, nauli ni ya mtu mmoja, na mtoto anageuka mkubwa kabla hakujapambazuka.

Julia Alvarez naye alizaliwa New York, akalelewa Jamhuri ya Dominika, na mwaka wa 1960 familia yake ikatoroka kwa kuwa baba yake alihusika katika njama dhidi ya dikteta Trujillo. Miezi michache baadaye, tarehe 25 Novemba, dada watatu wa ukoo wa Mirabal waliuawa na watu wa utawala huo. Siku hiyo ndiyo Umoja wa Mataifa unaiadhimisha kupinga dhuluma dhidi ya wanawake. Riwaya yake ya 1991, How the García Girls Lost Their Accents, inasimuliwa kinyumenyume, kutoka utu uzima hadi utotoni. Baba mmoja humo anairarua hotuba ya shule ya bintiye kwa kuona inakosa heshima kwa walimu, halafu anamnunulia taipureta. Alikimbia serikali iliyoua watu kwa maneno. Woga huo hakuuacha kwenye kiwanja cha ndege.

Lafudhi hiyo inayopotezwa katika jina la riwaya si mzaha. Gloria Anzaldúa ameeleza katika Borderlands/La Frontera, ya 1987, jinsi alivyochapwa kwa rula shuleni Texas kwa kusema Kihispania, na jinsi chuo kilivyowalazimisha wanafunzi wa asili yake kusomea matamshi ili lafudhi iwatoke. Mwaka mmoja kabla, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amechapisha Decolonising the Mind akisimulia kiboko na kibao cha shingoni kwa watoto waliozungumza Kigĩkũyũ. Sina ushahidi kwamba walisomana. Walichapwa na fikra moja, basi. Kisha Ngũgĩ akaja kufundisha Irvine, California, si mbali na chuo alichokiongoza Rivera.

Si Walatino wote wanaokubaliana hapa. Richard Rodriguez, katika Hunger of Memory ya 1982, anasimulia watawa waliokuja nyumbani kwao Sacramento kuwaomba wazazi wazungumze Kiingereza na watoto. Wazazi wakakubali. Yeye anakiri kwamba nyumba iliingia ukimya, lakini anashikilia kwamba ilikuwa lazima ili awe raia kamili. Wenzake walimshambulia vikali. Mimi nampinga, lakini humpangia kila mwanafunzi amsome, kwani hakuna aliyeeleza gharama ya jambo hilo kwa unyofu kama yeye aliyelitetea.

Na gharama hiyo bado inagombaniwa. Mwaka wa 2012 shule za Tucson, Arizona, zilifunga masomo ya Wameksiko-Wamarekani kwa kubanwa na sheria ya jimbo, na vitabu vingine vikatiwa kwenye maboksi na kuondolewa madarasani. Ilichukua hadi 2017 kwa jaji wa shirikisho kuamua kwamba hatua hiyo ilisukumwa na chuki ya rangi. Mwanafunzi aliyekuwa na miaka 13 masomo yalipofungwa alikuwa tayari amemaliza shule ya upili.

Nina mjukuu Dallas, ambaye sasa anakaribia miaka saba. Jumapili jioni hunipigia simu, naye huanza kwa "shikamoo babu", kisha Kiswahili chake kinaishia hapo. Mamake hukaa kando akitafsiri. Juzi aliniuliza, kupitia kwa mamake, kama kijijini kwetu kuna nyumba yake. Nilimjibu kwa Kiswahili, polepole, nikamwomba mamake asitafsiri kwanza.