Saizi 12 ya Nani?

Kabla ya karne ya 19, fundi nguo wa Ulaya hakuwa na futi ya namba shingoni. Alikuwa na ukanda wa karatasi au wa ngozi. Aliuzungusha kifuani mwa mteja, kisha kiunoni, akaunyoosha toka begani hadi kiwikoni, na kila kipimo akakitia alama kwa kuukata kidogo ukingoni. Ukanda huo ulikuwa wa mteja yule peke yake. Haukumfaa jirani yake kwa lolote. Futi yenye namba ilipoenea, mafundi waliweza kulinganisha mwili na mwili, na wengine wakadai kwamba ukijua kifua cha mtu, mengine yote utayakisia.

Dai hilo ndilo lililobeba biashara ya ruwaza, yaani vielelezo vya kukatia nguo. Mwaka 1863 Ebenezer Butterick, fundi wa Sterling, Massachusetts, alianza kuuza ruwaza za karatasi zilizopangwa kwa saizi, akisaidiwa na mkewe Ellen. Zilizouzwa kabla yake aghalabu zilikuwa za saizi moja, na kuzikuza au kuzipunguza ilikuwa kazi ya mnunuzi. Za Butterick zilikunjika vizuri, zikasafiri kwa posta hadi vijijini kulikokuwa na cherehani lakini hakuna fundi. Hazikuwa na mistari iliyochapwa: matundu na mikato ya ukingoni ndiyo iliyomwongoza mshonaji. Mistari ilikuja na kampuni ya McCall, mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Lakini saizi hizo zilikuwa za nani? Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja zaidi ya sehemu 50 za mwili. Ripoti ya Ruth O'Brien na William Shelton ilitoka 1941, na wanawake wasio weupe waliopimwa hawakuingizwa katika hesabu. Viwango vya nguo na ruwaza vya Marekani vilivyotangazwa 1958 vilitegemea sana takwimu hizo. Kwa hiyo gauni la ruwaza ya zama zile likikubana nyonga na kupwaya kiunoni, usikimbilie kuulaumu mwili. Hata namba zenyewe zilihamahama: saizi 12 ya ruwaza iliyokuwa kifua cha inchi 32 iligeuzwa inchi 34 mwishoni mwa miaka ya 1960.

Huko Ujerumani, katika miaka ya 1930, Maria Lutterloh alikuja na mfumo alioupa jina Der Goldene Schnitt. Mnunuzi alipewa michoro midogo pamoja na utepe maalumu wenye matundu. Unachomeka pini katika tundu la kipimo chako cha kifua (au cha nyonga, ukikata sketi), unaikita kwenye alama ya katikati ya mchoro, kisha unauzungusha utepe mstari kwa mstari, ukitia nukta penye namba iliyoandikwa. Ukiziunga nukta, ruwaza ya ukubwa wako iko mezani. Mfumo huu bado unauzwa, nami naupenda kwa werevu wake. Ila ni dai lile lile la zamani, na kipimo cha kifua hakijui kama mgongo ni mrefu au mabega yameshuka. Fundi wa Kariakoo, anayepima bega na mgongo kisha akachora kwa chaki juu ya kitambaa chenyewe, angeguna.

Anayetaka gauni la miaka ya 1950 leo hupata bahasha ya saizi moja tu, yenye karatasi inayochanika kwa kuguswa. Ainakili kwanza, kisha apige hesabu. Kifua kikizidi ruwaza kwa sentimita 8 pande zote, kila robo inadai sentimita 2. Lakini kama ziada yote iko mbele, kuugawia mgongo ni kuliharibu gauni. Hapo kipande cha mbele cha ruwaza hupasuliwa toka kiunoni kupanda hadi ncha ya titi, mpasuo ukageukia kwapani na kuishia karibu na ukingo bila kuukata, ndipo kinapofunguliwa kama bawaba. Kwapa hubaki na ukubwa wake, na mkono wa gauni huingia bila vita.

Kisha ashone la majaribio kwa kitambaa cha marekani cha bei nafuu, alivae, aketi nalo, ainue mikono. Mgongo apimwe na mtu mwingine, toka mfupa wa chini ya shingo hadi kiunoni. Ukijipima mwenyewe unainama, na futi inadanganya.