Akwaria ya maji ya bahari

Akwaria ya maji ya bahari, pia akwaria ya maji chumvi, ni tangi la kioo au plastiki ngumu ambamo hufugwa samaki, matumbawe na viumbe wengine wa baharini. Utunzaji wake ni mgumu kuliko ule wa akwaria ya maji baridi, kwa kuwa viumbe wa miamba ya matumbawe wamezoea maji yasiyobadilika sana. Kwa anayeanza, vifo vingi vya samaki hutokea katika wiki za kwanza, kwa sababu samaki wametiwa kabla tangi halijakomaa.

Historia

Mnamo 1846 Mwingereza Anna Thynne alichukua matumbawe kutoka pwani ya Torquay na kuyatunza nyumbani kwake London. Pampu za umeme hazikuwepo, hivyo maji yalimiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jengo la samaki kwa umma.

Tangi na maji

Tangi kubwa ni rahisi kutunza kuliko dogo, ingawa wengi hudhani kinyume: katika maji mengi joto, chumvi na uchafu hubadilika polepole. Lakini lita 200 za maji ya bahari zina uzito wa zaidi ya kilo 200, bila kuhesabu kioo na mawe, na meza ya kawaida haifai.

Maji hutengenezwa kwa chumvi maalumu ya akwaria, takriban gramu 35 kwa lita, katika maji yaliyochujwa yasiyo na klorini. Chumvi ya mezani haifai, kwani haina kalisi, magnesi na madini mengine ya kutosha. Joto hushikiliwa kati ya nyuzi 24 na 27 za selsiasi. Maji yanapokauka chumvi hubaki, kwa hiyo pengo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Kuongeza maji ya chumvi kila siku ni kosa la kawaida ambalo huwaua samaki taratibu.

Kukomaa kwa tangi

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu hata ikiwa kidogo. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na kundi lingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huota juu ya mawe, mchanga na chujio, na huzaliana polepole. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita.

Katika muda huo tangi huonekana tayari: maji ni maangavu na pampu inazunguka. Macho hayawezi kuona amonia. Kinachotegemewa ni vipimo vya dawa. Amonia hupanda kisha hushuka, halafu nitriti hufuata njia hiyohiyo. Samaki huingizwa zote mbili zikiwa sifuri, tena mmoja au wawili kwa wakati, ili bakteria waongezeke kulingana na uchafu. Baadaye nitrati hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji.

Uchaguzi wa samaki

Samaki wa jenasi Amphiprion, waishio kati ya minyiri ya anemoni-bahari, huwafaa wanaoanza. Ni wastahimilivu, na spishi kadhaa huzalishwa kwenye matangi. Kangaja huhitaji nafasi kubwa ya kuogelea, na baadhi ya vitatange hula matumbawe hai tu, hivyo hufa njaa.

Samaki wengi wa baharini wanaouzwa bado hukamatwa baharini, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazowauza nje. Nchini Ufilipino baadhi ya wavuvi wametumia sianidi kuwalewesha samaki, sumu inayoharibu pia matumbawe. Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu husimamiwa na mkataba wa CITES, na katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu kuchukua samaki au matumbawe ni marufuku.