Singeli, waasisi wa

Singeli ni muziki wa kielektroniki uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, katika mitaa ya Manzese, Tandale na Mburahati, na kushika kasi miaka ya 2000. Biti zake huenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, wakati muziki wa disko hutosheka na 120 hivi.

Mzazi wake ni mchiriku, uliotokana na ngoma za Wazaramo. Miaka ya 1990 vijana walipitisha vinanda vidogo vya Casio kwenye vipaza sauti vikuukuu. Sauti ikatoka na mikwaruzo, na mikwaruzo ikapendwa. Kundi la Jagwa Music liliuhifadhi mtindo huo katika albamu ya Bongo Hotheads (2012).

Kwenye vigodoro, sherehe za mtaani zinazokesha, DJ alikata kipande kifupi cha taarab kisicho na uimbaji, akakirudia na kukikimbiza mpaka gitaa likalia kama filimbi, huku MC akimwaga maneno bila kupumua. Baadaye prodyuza wakaanza kutengeneza biti zao kwa programu ya FL Studio. Kipimo cha singeli kilikuwa kimoja tu: watu wanacheza au wanarudi kukaa?

Nyumbani wanaojulikana ni wenye sauti: Msaga Sumu, anayeitwa mfalme wa singeli, Sholo Mwamba na Man Fongo. Nje ya nchi mambo ni kinyume, hutajwa prodyuza. Aliyefungua njia ni Sisso, mwenye studio Mburahati. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, zikafuata Poaa ya Bamba Pana (2018), Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke (zote 2019). Poaa ndiyo ya kuanza nayo kwa asiyejua singeli, ingawa huenda akaizima dakika ya pili.

DJ Travella, wa kizazi kilichofuata, alitoa Mr Mixondo mwaka 2022. Sisso naye hakustaafu: mwaka 2024 alitoa Singeli Ya Maajabu pamoja na Maiko. Jukwaani Maiko hupiga kinanda, na Sisso hupiga kibodi ya kompyuta, ileile ya kuandikia barua.